Barua kwa Baba: Miaka Mitano Inayotaka Kugeuzwa Kumi na Mitano

Leicester,
Januari 18, 2026.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama na wadogo zangu, pamoja na majirani wote wa Ngamiani. Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu, ingawa baridi ya mwezi huu ni kali na zamu za usiku zimeongezeka katika kituo tunakolea wazee.

Uliponipigia simu mwanzoni mwa mwezi uliniuliza maswali mawili, nami nikakujibu harakaharaka kwa sababu basi lilikuwa limeshafika. Uliuliza kama ni kweli Waingereza wanatufukuza, kisha ukauliza inakuwaje viongozi ambao wazazi wao walitoka kwetu Afrika Mashariki wawe mstari wa mbele kufunga mlango. Maswali hayo hayajaniacha tangu siku ile, na nimeona yanastahili karatasi.

Hakuna aliyenifukuza, Baba. Kilichonifika ni kwamba masharti niliyokuja nayo yanataka kubadilishwa nikiwa katikati ya safari. Nilipoingia Oktoba 2022 kwa viza ya watumishi wa afya na malezi ya wazee, utaratibu ulikuwa wazi: ukifanya kazi miaka mitano bila kuvunja sheria, unaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Hesabu yangu basi ilikuwa Oktoba 2027. Novemba 20 mwaka jana Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, alilieleza Bunge kwamba serikali inapendekeza muda wa kawaida uwe miaka 10, na kwa wale walio katika kazi zinazohesabiwa kuwa za ujuzi mdogo, kundi ambalo sisi tunaolea wazee tumewekwa, uwe miaka 15. Pendekezo hilo haliwahusu wageni wapya peke yao. Linatuhusu na sisi tuliokwisha kuingia. Likipita kama lilivyo, nitaomba ukaazi mwaka 2037, wakati huo wewe ukiwa na miaka 84.

Viza yangu imefungwa kwa mwajiri. Akifunga kituo, au akinyang'anywa leseni ya kuajiri wageni, ninapewa siku 60 za kumpata mwingine, la sivyo niondoke nchini. Mwenzangu mmoja wa zamu alikaa miezi minane katika kituo alichokuwapo kabla ya kuja kwetu, akifanya kazi saa za ziada bila kulipwa, na hakuthubutu kulalamika kwa sababu aliyemdhulumu ndiye aliyeshika kibali chake. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, miaka 10 zaidi ni miaka 10 ya kuinamisha kichwa. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa siku ya kwanza, nikalipokea kwa moyo mmoja, na shamba nimelilima.

Ili uelewe tulivyofika hapa ni lazima nikueleze hasira ya wenyeji, kwa sababu haikutoka hewani. Mwaka 2010 David Cameron, kiongozi wa Chama cha Conservative, aliahidi kwamba idadi ya wanaoingia, ukitoa wanaoondoka, ingeshushwa hadi makumi ya maelfu kwa mwaka, na haikushuka. Juni 23, 2016, asilimia 51.9 ya waliopiga kura walichagua kutoka katika Umoja wa Ulaya, wengi wao wakiamini kwamba sasa nchi ingeshika funguo za mlango wake yenyewe. Serikali zilizofuata za Chama cha Conservative zilizishika funguo hizo, na kufikia katikati ya mwaka 2023 idadi ile ilikuwa imepita 900,000 kwa mwaka mmoja, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana katika historia ya nchi hii. Sisi walezi wa wazee tulikuwa sehemu ya hesabu hiyo, na tulikuja kwa sababu tuliitwa, kwa kuwa vituo vilikuwa havina watu. Lakini wapiga kura hawakuambiwa hivyo. Waliahidiwa jambo moja wakapewa kinyume chake, na mtu aliyefanyiwa hivyo ana haki ya kukasirika.

Aliyevuna hasira hiyo ni Nigel Farage na chama chake cha Reform UK. Katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024 walipata viti vitano tu bungeni. Mei 2025 walitwaa uongozi wa halmashauri 10 kwa siku moja, na tangu hapo wamekuwa wakiongoza katika kura za maoni. Septemba Farage alitangaza kwamba akishika madaraka atafuta kabisa ukaazi wa kudumu, hata kwa walioupata tayari. Waziri Mkuu, Keir Starmer, aliiita sera hiyo ya kibaguzi, na nilipomsikia nilifarijika sana. Hazikupita wiki nane serikali yake ikaja na hii ya miaka 15. Ninaloliona mimi ni kwamba viongozi hawa wanamwogopa Farage kuliko wanavyoamini maneno yao wenyewe. Ni Starmer huyo huyo aliyesema Mei mwaka jana kwamba nchi iko katika hatari ya kuwa kisiwa cha watu wasiojuana, na wazee wengi wa hapa Leicester wakakumbuka mara moja hotuba ya mbunge Enoch Powell ya Aprili 1968 kule Birmingham, iliyodai kwamba Waingereza wamefanywa wageni katika nchi yao. Mwezi uliofuata Starmer alikiri kwamba anayajutia maneno yale. Waraka wa sera ya uhamiaji aliokuwa akiuzindua siku ya hotuba yake haukubadilishwa.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Ni kweli mama yake Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu, alizaliwa Tanganyika na baba yake alizaliwa Kenya. Ni kweli wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda, na baba yake Suella Braverman alitoka Kenya, na wote wawili walikuwa Mawaziri wa Mambo ya Ndani kabla ya Mahmood. Patel ndiye aliyekwenda Kigali Aprili 2022 kutia saini mkataba wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, na Sunak akaushikilia hata baada ya Mahakama ya Juu kuamua Novemba 2023 kwamba ulikuwa kinyume cha sheria, mpaka Starmer alipoufuta Julai 2024. Mahmood naye ni mtoto wa wahamiaji kutoka Kashmir, na alisimama Bungeni akaeleza kwamba yeye mwenyewe hutukanwa na kuambiwa arudi kwao. Ninakuomba, Baba, tusiwahesabu kuwa ni watoto wetu waliotusahau. Wao ni wanasiasa wa Uingereza wanaojibu kwa wapiga kura wa Uingereza, na kumtaka mtu atutetee kwa sababu ya rangi ya ngozi yake au mahali alipozaliwa mama yake ni kukubali hoja ile ile ya wale wanaosema hawezi kuwa Mwingereza kamili. Ninalomdai Mahmood ndilo ninaloidai serikali yoyote: kutimiza neno.

Jirani yangu wa nyumba ya pili ni bibi wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, na ukisikia Kiswahili chake utadhani hajawahi kutoka Makadara. Jumapili iliyopita aliniita kwake kwa chai ya tangawizi na mahamri, akanionyesha pasipoti yake ya kwanza. Jalada lake la buluu limechakaa pembeni, na ndani mna picha ya msichana wa miaka 19 mwenye msuko mmoja begani. Ilikuwa pasipoti halali ya Uingereza, iliyotolewa Nairobi baada ya uhuru, naye alifika nayo London mwishoni mwa Februari 1968 akiwa na sanduku moja. Kaka yake alibaki kuuza bidhaa za duka ili afuate Aprili. Machi 1 ikaanza kazi sheria iliyopitishwa kwa siku chache tu, wakati James Callaghan akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, iliyosema kwamba pasipoti hiyo haitoshi mpaka uwe na mzazi, babu au bibi aliyezaliwa au kupewa uraia ndani ya Uingereza. Vibali maalumu vilikuwa 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia, na kaka yake alisubiri zamu miaka mitatu, mkononi akiwa na pasipoti iliyotolewa kwa jina la Malkia. Bibi alipoifunga ile pasipoti aliniambia, "Mwanangu, walitupa ufunguo kisha wakabadili kitasa."

Nasi hatukuwa safi katika habari hiyo, na wewe ni shahidi. Kenya ndiyo iliyoweka masharti ya vibali vya kazi na leseni za biashara mwaka 1967, na mwaka 1971, ulipokuwa kijana wa miaka 18, uliona majumba ya Wahindi hapo Tanga yakitaifishwa na familia ulizosoma nazo zikifunga mizigo. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza wa Uganda, na halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la kule kuwasihi wasije hapa. Walikuja. Katika sensa ya mwaka 2021 watu wenye asili ya Asia walikuwa 43 katika kila 100 mjini hapa.

Mzee mmoja ninayemhudumia, Mwingereza aliyefanya kazi kiwandani maisha yake yote, ni mfuasi wa Reform na hanifichi. Septemba 13, zaidi ya watu 100,000 walipoandamana London kupinga uhamiaji, na bendera zao nyeupe zenye msalaba mwekundu, nilikuwa ninamnyoa ndevu huku televisheni ikiwaonyesha. Alinishika kifundo cha mkono, wembe ukasimama hewani, akasema, "Wewe sikuhesabu miongoni mwao." Alisema kwa upendo, na ninajua ni kweli, kwa sababu nikichelewa dakika 10 huuliza nilipo. Lakini sheria haina macho ya kunitenga mimi na wale anaowataka waondoke. Nilimweleza habari ya miaka 15, akanyamaza mpaka nikamaliza shavu la pili, kisha akauliza, "Hata wewe?"

Serikali inapokea maoni ya watu kuhusu pendekezo hili hadi Februari 12. Mimi nimeshapeleka yangu. Niliandika kwamba nchi ina haki ya kuamua ni wangapi waingie kesho, na siwezi kubishana na hilo, ila tuliopita mlangoni kwa masharti fulani tuachwe tuyamalize hayo hayo. Bibi jirani ameandika pia, ukurasa mzima kwa mkono, nami nikamchapia.

Mwambie mdogo wangu asimpe dalali yeyote hata senti moja kwa ahadi ya kazi ya kulea wazee Uingereza. Viza hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi tangu Julai 22 mwaka jana, na anayemwambia vinginevyo anamwibia. Fedha za bati nitatuma mwisho wa mwezi. Msalimie Mama, na umwambie dawa ya miguu nimeipata.

Ni mimi mwanao akupendaye.