Shosti, ile sauti iliyokuliza

Shoga yangu,

Hujambo wewe na wanao? Mama anaendeleaje na mguu wake? Mi mzima alhamdulillah, baridi tu na hii mvua ya huku Clare, Ayalandi, isiyojua kuchoka, unatoka nyumbani jua linawaka ukifika stendi umeshalowa chapachapa, ila tumezoea.

Vois yako niliisikia nikiwa shifti ya usiku, nikaona hii siwezi kuijibu kwa emoji maana ulikuwa unaongea huku unavuta kamasi. Umeniuliza ile klipu niliyoweka stetasi ni mtu analia au ni chombo cha muziki, na kama ni chombo mbona umejikuta umekaa jikoni na ungo wa mchele mapajani unamlilia kaka upya, wakati hakuna hata neno moja lililosemwa. Swali lako limenikaa kichwani wiki nzima. Nimeona niandike kirefu, we injika chai ukae.

Ni chombo, shosti. Ni paipu za huku Ayalandi, zinaitwa uilleann, na usizichanganye na zile za Uskoti unazoziona kwenye magwaride, wanaume wamevaa sketi wanapuliza mpaka mashavu yanataka kupasuka. Zile ni za kusimama na kutembea uwanjani. Hizi za huku mtu anakaa kwenye kiti na mdomoni haweki kitu. Upepo unatoka kwenye mvukuto, wa aina ileile ya wahunzi ila mdogo, umefungwa kwa mkanda kiunoni na kwenye mkono wa kulia, anaukandamiza kwa kiwiko, upepo unaingia kwenye mfuko alioubana kwapani kushoto, kutoka hapo ndo unakwenda kwenye bomba la kupigia. Kwaiyo viwiko vinakwenda, vidole vinakwenda, kiganja kinabonyeza vitufe vya mabomba mengine ya pembeni, halafu uso wenyewe mkavu kabisa, anaweza hata kukuuliza umekula nini. Mi hiyo ndo iliyonimaliza siku ya kwanza. Sauti inalia namna ile na mtu anayeitoa katulia tuli anatazama sakafu.

Na huo mvukuto sio wa kuringia. Pumzi ya mdomo ina unyevu, upepo wa mvukuto ni mkavu, ndo maana ule ulimi wa tete ndani ya bomba unachongwa mwembamba sana na sauti yake inakuwa laini, ya ndani ya nyumba, na inapanda oktavu mbili nzima, yaani ile ngazi ya do re mi mara mbili. Shida yake hali ya hewa ikibadilika kidogo tu ulimi unanuna, wapigaji wanahangaika nao kuliko mtoto mchanga. Wenyewe wana msemo kwamba mpiga paipu ni miaka 21, saba ya kujifunza, saba ya mazoezi, saba ya kupiga. Nikadhani ni mbwembwe za wazee, mpaka nikaona kijana wa miaka mingi kwenye hicho chombo anaambiwa na mzee pembeni kwamba ameanza kuja kuja.

Sasa kwa nini inaliza. Mi sio mwanamuziki, nakwambia nilichokisikia kwa masikio yangu na nilichoelezwa na mzee mmoja ninayemhudumia, mkulima mstaafu, mkononi ana rozari na redioni ana muziki wa kwao muda wote. Kuna mabomba matatu yamelala juu ya mapaja ya mpigaji, yanavuma noti moja ileile, moja juu, moja kati, moja chini kabisa, mwanzo mpaka mwisho hayabadiliki. Lile bomba la wimbo mwisho wake anaweza kuuziba kwa kuukandamiza kwenye goti, anaweka na kipande cha ngozi hapo, akiziba vidole vyote sauti inakatika, tap, kimya. Lakini mvumo wa chini haukatiki. Rudi kwenye ile klipu usikilize karibu na katikati, wimbo unapanda, unapanda, halafu unakatika kama umekabwa, na chini mvumo unaendelea. Ni kama pale msibani aliyefiwa anapoishiwa na sauti, anabaki mdomo wazi, huku nyumba nzima inaendelea kunung'unika kwa chini. Hapo ndo mi huwa naondoka.

Kitu kingine, vidole haviachi tundu ghafla. Kidole kinateleza pole pole, noti inatoka huku inakwenda kule, katikati inapita sehemu ambayo kwenye kinanda haipo kabisa. Na hakuna mdundo! Huwezi kuupigia makofi, huwezi kutikisa mguu, mpigaji anakaa kwenye noti anavyotaka halafu zinakuja tatu nne za haraka, tena anakaa. Nilidhani anajiamulia tu, mzee akanikatalia, akasema nyimbo za polepole kama hizi nyingi ni nyimbo za kuimbwa, zina mashairi ya Kiairishi, na mpigaji wa kweli lazima ayajue maneno hata kama hatayatamka, kwa sababu anavuta pale neno linapovutwa na anapumua pale mwimbaji angepumua. Asiyejua maneno anapiga noti tu, alisema, na akakunja uso kama ameonja maziwa yaliyochacha. Kwaiyo shosti uliponiambia hakuna maneno, mi nikacheka peke yangu kazini. Yamo.

Ule uliousikia unaitwa Port na bPúcaí, na sasa kaa vizuri maana una majini. Unatoka visiwa vya Blasket, upande wa Kerry, magharibi kabisa ambako ukivuka tu ni bahari mpaka Marekani. Watu wa mwisho wa kisiwa kikubwa walihamishwa 1953, walikuwa wamebaki wachache, wazee, bahari ikichafuka hakuna daktari wala padri anayefika. Kisa chenyewe kinasimuliwa tofauti tofauti, wengine wanasema mtu alikuwa peke yake ndani ya nyumba usiku kwenye kisiwa kimoja kidogo, wengine wanasema walikuwa ndani ya mtumbwi wanapiga makasia kurudi, wakasikia muziki unatoka baharini, hakuna mashua, hakuna taa. Wakasema ni viumbe wale, majini tuseme, wanamlilia mmoja wao. Wakaushika ule wimbo masikioni wakafika nao nyumbani. Na siku hizi kuna watu wanasema walikuwa nyangumi, maana mitumbwi ya kule ni fito na turubai lililopakwa lami, ngozi nyembamba, sauti ya nyangumi chini ya maji inaweza kupenya ikaja mpaka miguuni kwako. Mi naona vyote viwili sawa tu, nyangumi akilia usiku gizani nani atakwambia sio jini. Bibi yako angekubaliana na mimi.

Maneno yake sikukwambia mapema kwa makusudi. Anayesema ni mwanamke, aliibwa usiku akavushwa bahari, yuko kwenye mamlaka ya wale viumbe, na hapa duniani anakaa mpaka jogoo awike tu, basi.

Naam. Nimeyasoma nikakukumbuka wewe kabla hata hujanitumia vois. Kaka, dau lake lilipatikana, yeye hakupatikana, tukasoma hitima, watu wakala wakatawanyika, na wewe kila ulipofungua mdomo ukaambiwa nyamaza, subiri, usimlilie maiti kwa sauti, na maiti mwenyewe hatukumwona. Nilikuwepo. Nilikushika mkono nami nikakwambia subira kama wengine, maana ungesema nini? Kwaiyo sishangai kwamba kitu kisicho na mdomo kimekufikia mahali ambapo sisi wenye midomo tulipaziba.

Halafu cheki jambo hili, huku nako ilikuwa hivyohivyo. Zamani walikuwa na wanawake wa kulia, kazi yao hasa, anafariki mtu wanaitwa, wanakaa na maiti, mmoja anaongoza anamsifu marehemu na kumlaumu kwa nini ameondoka na wengine wanaitikia kwa kilio, wanapewa kinywaji, tumbaku, pengine na hela. Maaskofu wakapiga marufuku, miaka na miaka, wanatoa amri na watu wanaendelea, mpaka taratibu desturi ikafa. Masheikh wetu na maaskofu wao wangekaa baraza moja kwa hilo wangeelewana vizuri. Mi dini yangu naipenda na sheria naijua, machozi ruksa mayowe hapana, sibishani. Nasema tu kwamba kilio hakikwenda popote, mi naamini sehemu yake iliingia kwenye mabomba haya, maana ukisikia jinsi wimbo unavyoshuka kutoka juu kwa kuvunjika vunjika huwezi kuniambia hakuna mama wa zamani mle ndani.

Na wanawake wale hawakuwa wa mchezo. Kuna mmoja, Eibhlín Dubh Ní Chonaill, mwaka 1773, mumewe Art Ó Laoghaire alikuwa na farasi mzuri, na sheria ya Waingereza wakati ule ilikuwa Mkatoliki haruhusiwi kuwa na farasi wa zaidi ya pauni 5, akija Mprotestanti na pauni zake 5 lazima umwachie. Bwana mkubwa mmoja wa pale Cork akamtaka farasi, Art akakataa, wakampiga risasi. Farasi akarudi nyumbani peke yake na damu kwenye tandiko. Kilio alichomlilia mumewe kiko mpaka leo, watu walikishika kwa mdomo vizazi na vizazi, na ndani yake anasema alimrukia yule farasi akakimbia mpaka alipolala mumewe, akanywa damu yake kwa viganja. Soma tena, alikunywa. Na pia ndani yake anagombana na dada wa marehemu, kilio na mawifi, ndo nikajua dunia ni moja.

Mi mara ya kwanza kuzisikia ana kwa ana hizi paipu, sio redioni, ilikuwa kwenye maziko ya mke wa mmoja wa wazee wetu. Huku kijijini wanakaa na maiti nyumbani, jeneza wazi, majirani wanapanga foleni mpaka barabarani kuja kutoa pole, jikoni wanawake wanakata mikate na chai haikauki, nikajisikia niko Ngamiani kwetu Tanga kabisa ila hakuna pilau. Kesho yake kanisani, watu wakavua makoti, mpigaji akakaa pembeni ya jeneza, akachukua muda mrefu kujifunga mikanda na kuweka sawa sauti, hakuna aliyekohoa. Alipoanza nilimtazama yule mzee, mwanamume wa kupasua kuni, kidevu kikaanza kutetemeka. Kabla ya hapo alikuwa anapokea pole kwa kutikisa kichwa tu. Hata mshairi wao mkubwa Seamus Heaney alipozikwa 2013 walimleta Liam O'Flynn na paipu zake, na marehemu ndo huyo aliyeishi kwa maneno, lakini sehemu ile ya ibada wakaacha mabomba yaseme.

Usidhani lakini kwamba ni chombo cha misiba tu. Kimekaribia kufa chenyewe, 1968 wapigaji wakaunda chama chao kwa sababu walikuwa wamebaki wachache mno, leo vijana wamejaa, na UNESCO wakauandika upigaji wake kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika 2017. Hapa Clare kila Julai kuna shule ya wiki nzima Miltown Malbay kwa jina la Willie Clancy, mpiga paipu wa palepale aliyefariki 1973, mji mzima hakuna pa kuegesha gari, kila baa wanapiga nyimbo za kucheza kasi hujui vidole viko wapi. Na wewe ulishazisikia zamani bila kujua, kwenye ile Titanic tuliyoiangalia kwa shangazi mara sijui ngapi ukalilia yule kijana akizama, mle ndani zimo, kazipiga Mmarekani Eric Rigler. Kwaiyo zimeshakuliza mara mbili hizi, zinakudai.

Sasa nakutumia nyingine, subiri upate bando maana ni ndefu. Hii inahadithia uwindaji wa mbweha, mpigaji anaigiza kila kitu, tarumbeta ya wawindaji, farasi wanaokimbia, mbwa wanabweka kweli kweli kwa yale mabomba ya pembeni, wanamkamata, halafu wanapiga kilio cha mbweha, kilio cha heshima zote, polepole, kwa mnyama waliyemuua wenyewe, na kikiisha hapohapo wanaingia kwenye ngoma ya kucheza. Yani watu hawa! Vaa earphone, usiiweke kwenye spika watoto watadhani mbwa kaingia ndani. Ukifika kwenye kile kilio niambie kama kimekugusa au umecheka, mi bado sijaamua.

Na ile kanga uliyoniahidi, naomba ya rangi nyekundu, sio ile ya kijani tena. Msalimie mama, mwambie dawa ya mguu nitampa mgeni anayekuja mwezi ujao.

Wako,
shoga yako wa mvuani