Toba kwanza, ndipo amani: salamu za Noeli kutoka Katuba

Jambo yenu, baba na mama, kaka na dada wa Lubumbashi, wa Likasi na Kolwezi, pamoja nanyi mlio mbali, Kinshasa, Johannesburg au Bruxelles, mtakaokula Noeli bila bukari, ugali wetu wa nyumbani. Noeli njema kwenu nyote, na Bonane, yaani Mwaka Mpya, inayofuata.

Huku msimu umeshaingia. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, njia za Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, ni matope matupu, embe zimejaa kando ya barabara, na bei ya makala, yaani mkaa, imepanda kama kila Desemba. Kwaya zinafanya mazoezi hadi usiku. Umeme ukikatika wanaendelea gizani, maana nyimbo wanazo kichwani. Watoto wanadai nguo za Noeli. Katika soko la Kenya (naisema komine ya mji wetu, yaani sehemu ya mji, si ile nchi) kina mama wamepanga chikanda juu ya meza, ule mkate wa mizizi ya okidi, nyekundu-kahawia, wenye karanga ndani, na ukiomba kipande mama anakikata kwa kisu chembamba, anakupakia pilipili pembeni, anakuongezea kidogo kwa sababu ya sikukuu. Napenda sana wakati huu katika mji wetu.

Lakini neno ninalotaka kuwaambia mwaka huu linatoka katika misa yenyewe. Sisi Wakatoliki wa Kongo tuna misa ya desturi yetu, ile Roma iliyoikubali mwaka 1988. Mwanzoni tunawaita watakatifu, na pamoja nao wahenga wetu wenye moyo mnyofu, wasali nasi. Toba haiji mwanzoni kama kwa wengine. Tunasikiliza Neno kwanza, tunasikiliza mahubiri, tunasadiki. Ndipo tunainamisha kichwa, mikono imekunjwa kifuani, padri anatunyunyizia maji ya baraka. Toba ikiisha tunapeana amani papo hapo, kabla vipaji havijapelekwa altareni. Nimesali hivyo tangu utoto, na kadiri ninavyozeeka naona mpango huo una haki. Utanipaje mkono wa amani wakati kilichotutenga hakijatajwa?

Nasi hapa Katanga tunacho cha kutaja. Agosti 1992 Konferansi ya Taifa, mkutano mkuu wa kupanga siasa mpya ya nchi, ilimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, jimbo jirani, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa kwetu Katanga. Ugomvi wa vyeo vya Kinshasa ukashuka hadi mlangoni kwa watu wasio na cheo chochote. Watu wa Kasai wakafukuzwa Likasi mwaka ule, na mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao na babu zao walitoa jasho lao kwa Union Minière na kwa Gécamines, kampuni za migodi ya shaba, wakaitwa bilulu, wadudu. Mamia ya maelfu waling'olewa. Familia nzima zililala stesheni wiki na wiki, zikingoja treni, mvua ikiwanyeshea, na magonjwa yakawaua wengi, hasa watoto. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa katika makanisa yale yale. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tena nani kati yetu hapa atasema yeye hana pa kutoka? Mfalme Msiri, aliyeuawa Bunkeya, mji wake mkuu, tarehe 20 Desemba 1891, asili yake ni Unyamwezi, Tanzania ya leo. Mji huu wenyewe ulizaliwa mwaka 1910, mwaka reli ya kusini ilipofika, na wafanyakazi wa shaba waliletwa kutoka Rhodesia, Kasai, Lomami, hata Rwanda na Burundi. Waliowatangulia ni Walamba na Wasanga, wenye ardhi, ambao katika mashindano yetu ya nani ni mtoto wa nchi tunawasahau mara nyingi. Kiswahili tunachosalia Katuba kilikua kambini, kati ya watu waliohitaji kuelewana kazini kesho asubuhi.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa mapadri, wachungaji na makatekista. Usiku wa Noeli, katika maombi ya waamini, wakumbukwe kwa sauti wale waliokufa stesheni za Likasi na Kolwezi. Maneno machache yanatosha. Vijana wengi wa kwaya hawakuwa wamezaliwa wakati ule, na leo wanasikia tena vijembe mitaani kila treni ya Kasai inaposhusha watu. Ni afadhali wajifunze habari hii kanisani, katika toba, kuliko kwa mwanasiasa anayetafuta kura.

Ndugu zangu wa Kasai, mliobaki na mliorudi: Noeli njema. Ninaposema hivi nina maana ya kila neno, na ninawaomba msamaha kwa yale ambayo wengi wetu tuliyatazama tukanyamaza.

Majirani Waislamu, asanteni kwa sahani za Idi. Hakuna mtoto wa kartie yetu, wa mtaa wetu, anayesahau mlango zinakotoka. Wagiriki wa Kiorthodoksi, heri kwenu. Ndugu Wayahudi, ambao sinagogi lenu limesimama mjini tangu mwaka 1930, sikukuu yenu ya taa huja karibu na Noeli, basi nawasalimu kwa zote mbili. Wengi wenu mlitoka kisiwa cha Rhodes, na wale waliobaki kisiwani walichukuliwa Julai 1944 wakapelekwa Auschwitz. Waliorudi ni wachache sana. Tunawakumbuka nao. Wakimbangu, waamini wa kanisa la Simon Kimbangu, Noeli yenu mnaisherehekea tarehe 25 Mei, lakini muziki wenu wa matarumbeta tunausikia mwaka mzima, na msituchoke tukiwatakia heri mara ya pili.

Kwetu Katuba tumeshakubaliana. Kuku wa tarehe 25 watachinjwa na jirani yetu Mwislamu, kwa jina la Mungu, ili nyumba zote zile chungu kimoja bila mtu kuuliza nyama imetoka wapi. Pombe itakaa upande wake. Mezani itawekwa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ya siku ya kwanza, ile tamu ambayo hata watoto wanakunywa. Mwenye kumjua kijana aliyeshuka juzi kutoka Mwene-Ditu au Kananga, miji ya Kasai, asiye na ndugu mjini, amlete. Aje baada ya misa, saa sita, na kama ana rafiki waje wawili. Bukari itapikwa nyingi.

Noeli njema, Lubumbashi. Bonane kwenu wote.