Malalamiko kuhusu ripoti ya kipimo cha ubongo cha binti yangu

Nkuhungu,
Dodoma.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUFUTWA KWA RIPOTI YA "USHIRIKI WA KIHISIA"

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Binti yangu yuko darasa la sita katika shule mnayojaribishia vishikwambi vyenu vya hisabati. Julai mliwavalisha watoto mikanda ya kichwani inayosoma umeme wa ubongo, kisha wazazi tukaletewa ripoti. Ya binti yangu inasema: "Ushiriki wa kihisia hafifu, havutiwi na somo." Kwa maneno hayo ameondolewa kwenye kundi la vishikwambi.

Naomba kujua mlipima nini hasa. Mkanda wenu una kihisio kimoja, kinagusa paji la uso juu ya jicho. Umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, na kupepesa jicho mara moja tu huweza kuufunika. Sasa Julai Dodoma kunavuma upepo kutwa, vumbi linaingia hadi darasani. Macho ya binti yangu huwasha msimu huo wote: anafikicha, anapepesa, anakunja uso, huku anaendelea kuandika. Mlichuja vipi hayo? Na hata mawimbi yakisomwa vizuri, ubongo uliochangamka hauonyeshi kama mtoto anafurahia swali au anaogopa kulikosa. Huyu ni mtoto anayenidai maswali ya sehemu nikiwa jikoni napika! Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe.

Tena fomu niliyosaini ilihusu kishikwambi. Mkanda haukutajwa popote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watoto kwa uzito wa pekee. Umoja wa Ulaya nao, tangu Februari 2025, umepiga marufuku akili unde ya kubashiri hisia za wanafunzi shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kwa nini watoto wetu wafanyiwe majaribio bila wazazi kuulizwa?

Nataka ripoti hiyo ifutwe, shule iandikiwe kwamba isitumike kumpangia mtoto kundi, na nipewe maelezo ya taarifa zake zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Nisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ofisi zao ziko hapa hapa mjini.

Nakala ya ripoti na ya fomu nimeambatisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi