Mama Nasri, mrudishie mtoto samaki wake

Shoga yangu, hujambo? Shem mzima, watoto je? Huku Tanga tuko salama, joto tu ndo linatutoa roho.

Salamu ndefu baadaye maana nina donge. Ile voisi yako nimeisikiliza usiku, nyuma namsikia Nasri anajikuna juu ya mkeka kwaru kwaru kwaru mpaka na mimi nikaanza kuwashwa. Halafu unaniambia mama mkwe kasema pumu ya ngozi ya mtoto umeileta wewe kwa kula ngisi na mimba, na wewe ukakubali! Ndo ukamkatia samaki, mayai, maziwa, karanga, mtoto anakula ugali na mchicha kama mfungwa.

Haya nisikilize. Kuna Mmarekani anaitwa Peter Agre, daktari wa damu wa Johns Hopkins kule Baltimore. Mimi nampendea kitu kimoja, mwenyewe anasimulia kwamba shuleni kemia alipata D, halafu 2003 akapewa Nobel ya kemia hiyo hiyo (mwambie dada yake Nasri aache kulia). Huyu bwana alikuwa anaitafuta protini ya rhesus, hiyo tunayowapimia wajawazito hapa maabara, sasa kila akisafisha anaikuta protini nyingine imeng'ang'ania, haijulikani ya kazi gani, ila imejaa kwenye chembe nyekundu za damu na kwenye figo. Mwenzake mmoja akamwambia isije ikawa ndo mlango wa kupitishia maji kwenye seli, ule watu wanaoutafuta miaka yote. Basi wakachukua mayai ya chura, mengine wakayadunga maelekezo ya kuitengeneza hiyo protini, mengine wakayaacha hivyo hivyo, yote yakatiwa kwenye maji. Yaliyoachwa yakatulia zake, yaliyodungwa yakavimba, dakika chache tu, pwaa! yakapasuka. Matokeo wakayatoa 1992, milango yenyewe wakaiita akwaporini, mmoja unapitisha molekuli za maji kama bilioni 3 kwa sekunde, zimepanga foleni moja moja. Sijui foleni za kwetu zinashindwa nini.

Sasa Nasri anaingiaje? Ngozini kuna akwaporini ya namba 3, yenyewe inapitisha maji na gliserini pia. Panya walioondolewa jeni yake ngozi zilikauka, wakipewa gliserini zinapata nafuu. Halafu kuna protini nyingine kabisa, filagrini, inayofanya ngozi iwe imara na ishike maji. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, wakaonyesha kwamba mtu aliyerithi jeni yake ikiwa mbovu yuko kwenye hatari kubwa ya kupata pumu ya ngozi. Ngozi ikivuja, maji yanatoka na vumbi na vyakula vinaingia, mwili unaanza kugombana na vitu visivyo na kosa, hapo ndo aleji. Ila hitilafu hizo za filagrini kwa Waafrika hazionekani sana, kwetu kuna jeni zingine bado zinasakwa, kuna mtafiti Kathleen Barnes kafuatilia pumu ya kifua kwenye familia za Barbados, watu wenye asili ya huku huku kwetu.

Kwa hiyo ngisi wako wa watu hana kesi. Na kama ni kurithi, pumu ya kifua na ya ngozi ni ndugu, hivi shem si ndo yule aliyekuwa anatembea na pampu ya pumu shuleni, tunamwita Injini? Mama mkwe kasahau kamzaa nani? Usimwambie lakini. Au mwambie nikiwepo.

Ugomvi wangu ni hiyo miiko. Sisemi hana aleji ya chakula, huenda anayo, lakini apimwe ijulikane ni kipi, sio umnyime vyote kwa kubahatisha, mtoto anakua huyo. Na akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta ya mgando mengi, usimpe ile sabuni ya harufu. Dawa ya hospitali usiiache kisa Bi Mkubwa kaleta majani.

Lile krimu la duka la dawa lina nini ndani, hebu nipigie picha nyuma ya boksi? Anapumua vizuri usiku au anakoroma kifuani? Akila samaki huwa anavimba midomo au ni kuwashwa tu? Na clinic ya ngozi mnaenda lini, au nije nikusindikize? Mambo ya Zuhura na yule bwana yaliishaje, mbona umekaa kimya?

Wako, Mama Tumu