Lile swali lako la sifuri juu

Rafiki yangu, mambo vipi, za masiku. Mi niko poa tu, meseji yako niliipata tangu juzi ila nilitaka nikae chini nikujibu vizuri maana hilo swali, kwa nini namba yenye sifuri juu jibu lake ni 1, lilinitesa hata mimi kipindi tunasoma, nilikuwa naandika 5⁰ = 1 kwa sababu mwalimu kasema basi, kichwani naona uongo mtupu.

Afu nikuambie ukweli, nimeangalia ile picha ya daftari lako, shida haijaanzia kwenye sifuri. Umeandika 2³ = 6. Hapo ndo mzizi wa fitina. Kile kijinamba cha juu, kipeo, hakizidishwi na namba ya chini, kazi yake ni kuhesabu tu, kinakwambia ile ya chini inatokea mara ngapi kwenye kuzidisha, kwa hiyo 2³ ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Kinachoponza watu ni 2², maana ukizidisha kimakosa unapata 4 na ukifanya sahihi pia 4, unajiona umeelewa kumbe umebahatisha. Mi bahati hiyo niliishi nayo hadi ikaja 3², nikaandika 6 kwa kujiamini kabisa.

Ukishalishika hilo, sheria hazina haja ya kukariri. 2³ × 2⁴, zifungue tu, huku mbili ziko tatu na kule ziko nne, jumla saba, basi ni 2⁷ ambayo ni 128. Ndo maana vipeo vinajumlishwa. Ila namba za chini lazima zifanane, 2³ × 5⁴ hapo huunganishi kitu. Kugawanya, ukiandika kama sehemu, ni kukata mbili za juu ya mstari na za chini ya mstari, kwa hiyo vipeo unatoa. Na (2³)⁴ ni lile kundi zima la mbili tatu limerudiwa mara nne, unapata 2¹², yaani 4,096.

Haya, sifuri sasa. Andika ukishuka kama ngazi: 2⁴ ni 16, 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2. Cheki, kila kipeo kikipungua moja jibu linagawanywa kwa mbili. Shuka hatua nyingine, 2 gawa kwa 2 ni 1, na ushafika 2⁰. Ungeweka sifuri pale ngazi ingekatika. Au chukua 2³ ÷ 2³, namba ikigawanywa kwa yenyewe ni 1, na kwa ile sheria ya kutoa 3 − 3 ni sifuri, kitu kile kile. Endelea kushuka tu usiogope, 2⁻¹ ni nusu, 2⁻² robo, 2⁻³ moja ya nane, unaona hata kipeo kikiwa hasi jibu halijawa hasi, limekuwa dogo tu. Ngazi hii inakataa namba moja tu, sifuri yenyewe ikikaa chini, maana kugawanya kwa sifuri hakuna, kwa hiyo 0⁰ iache kwanza.

Mabano nayo uwe makini. (−3)² ni 9 lakini −3² ni −9, kwa sababu bila mabano kipeo kinaishika 3 peke yake. Na (3 + 4)² ni 49, sio 9 + 16, hili naona umelirudia mara mbili kwenye daftari.

Kuhusu nani alituletea hivi vijinamba, ulivyouliza kwa hasira, René Descartes wa Ufaransa ndo alivizoesha watu kwenye kitabu chake La Géométrie cha mwaka 1637, na cha kuchekesha x³ aliiandika kama sisi ila x² mara nyingi aliandika xx tu.

Halafu uliponiambia vipeo havina maana yoyote nikacheka. Chukua karatasi yenye unene wa milimita 0.1, ukunje katikati, urudie (kwa mkono utakwama mapema sana, lakini tuseme umeweza), mara 10 ni tabaka 1,024, kama sentimita 10 hivi. Mara 42 umeshapita mwezi, unene unakuwa kama kilomita 440,000 na mwezi wenyewe kwa wastani uko kilomita 384,400.

Nitumie jibu la 3⁻² × 3⁵ bila kalkuleta, na nataka kuona njia.

Ni mimi rafiki yako