Karani wa Dublin

Tanga, Jumapili

Swahiba Shabani,

Salamu zimefika, na sisi huku hatujambo. Unasema umechoka: mchana halmashauri, jioni mazoezi ya kikundi cha maigizo, na kwamba kabla ya mwaka kwisha utapeleka barua ya kuacha kazi. Sikukatazi. Ila tangu nisome maneno yako kuna Mwairishi mmoja ananijia kichwani, acha nikusimulie.

Jina lake hasa ni William Joseph Shields, mzaliwa wa Dublin, 1888. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa mafaili. Usiku alipanda jukwaa la Abbey, ukumbi ule wa tamthilia wa waandishi akina W.B. Yeats na Lady Gregory uliofunguliwa 1904, na huko alijiita Barry Fitzgerald, wakubwa wa ofisini wasije wakamuuliza maswali. Alianza na nafasi ndogo ndogo za kuingia na kutoka.

Mwaka 1924 mwandishi Sean O'Casey akaleta tamthilia yake Juno and the Paycock. Fitzgerald akacheza Kapteni Boyle, baba asiye na kazi, ambaye kila akisikia kuna kibarua miguu inaanza kumuuma. (Nawe unamjua mmoja wa namna hiyo, tusitaje jina.) Miaka miwili baadaye tamthilia yake nyingine, The Plough and the Stars, ikazua fujo. Baadhi ya watazamaji waliona inawadhihaki mashujaa wa Uasi wa Pasaka wa 1916, Waairishi waliopigana na utawala wa Waingereza, wakavamia jukwaa, mpaka Yeats mwenyewe akatoka kuwakemea. Na mdogo wake Fitzgerald, Arthur, mwigizaji wa hapo hapo Abbey, alikuwa amebeba bunduki katika uasi huo huo na akafungwa Wales! Hebu fikiria kutoka kwenye vurugu kama ile usiku, halafu kunakucha unangojwa mezani na mafaili yako.

Aliacha kazi 1929. Miaka 41, Shabani. Wala hakuwa anabahatisha: mwaka huo aliigiza London katika The Silver Tassie, tamthilia ya O'Casey ambayo Abbey waliikataa. Baadaye mwongozaji wa filamu John Ford akamwita Hollywood kuigiza The Plough and the Stars kwenye sinema, na huko milango ikafunguka.

Kisha ikaja filamu ya Going My Way, 1944. Alicheza padri mzee wa Kikatoliki, ilhali yeye kalelewa Mprotestanti. Akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora na ile ya mwigizaji msaidizi bora, zote kwa uhusika huo huo mmoja! Bing Crosby, mwenzake katika filamu, akachukua ya kwanza. Yeye akapewa ya msaidizi. Baadaye kanuni zikabadilishwa, jambo hilo halitokei tena. Mimi naona waliomteua mara mbili hawakukosea, maana yule padri ndiye aliyebeba filamu, Crosby aliimba tu. Kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, sanamu za tuzo zilitengenezwa kwa plasta. Fitzgerald alipenda gofu, na siku moja akijizoeza kupiga, fimbo ikaikata sanamu yake kichwa.

Ukitaka kumwona, anza na The Quiet Man ya 1952, iliyopigwa kijijini Cong, magharibi mwa Ireland. Yeye ni mshenga, na kiu yake haiishi. Hata farasi wake akifika mbele ya baa anasimama bila kuambiwa. Mtazame anavyosema neno moja, ananyamaza, halafu anakuangalia kana kwamba wewe ndiye unayedaiwa jibu. Ule utulivu hakuupata Hollywood, ni wa miaka ya Abbey, ya kucheza usiku huku mshahara unatoka kwingine. Arthur naye yumo, mchungaji wa Kiprotestanti.

Alifia Dublin mwaka 1961.

Sasa niambie: hao jamaa wa Dar wanaokuita wamekupa mkataba, au bado ni maneno ya simu? Mwezi ujao nina safari ya Morogoro, ingoje hiyo barua mpaka tuonane. Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Rashidi