Mwanangu, nabii alimsema nani?

Mwanangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Swali la rafiki yako nimelipata. Anasema Wakristo walizichonga habari za Yesu zifanane na unabii baada ya mambo kwisha. Ni swali la haki, na anayeuliza hivyo ajibiwe, asikemewe.

Nianze na lililo jepesi. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui walikuta magombo ya kale pangoni huko Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Moja ni kitabu cha Isaya, sura zote 66, kwenye ngozi zilizoshonwa pamoja, urefu wake zaidi ya meta 7. Wataalamu wanakadiria kuwa liliandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa. Sura ya 53, ile ya mtumishi wa Mungu anayeteswa, imo. Maneno yale hayakutungwa na Mkristo yeyote.

Najua rafiki yako atasema: sawa, unabii ni wa kale, lakini Injili ndizo zilizofuatishwa nyayo zake. Hapo mwombe asome Luka 24. Wale wanafunzi wawili wa Yesu waliokuwa wakienda Emau baada ya kifo chake hawakuwa na unabii wowote mdomoni. Walisema, “Nasi tulikuwa tukitumaini ya kuwa yeye ndiye atakayewakomboa Israeli.” Tumaini lao lilikuwa limekwisha. Hawakumngoja Masihi wa kutundikwa msalabani na Warumi. Kwao kifo kile kilikuwa ushahidi kwamba siye. Msalaba ulitangulia, mwanangu, ndipo wakarudi kwenye Maandiko kwa macho mengine, tena baada ya Bwana mwenyewe kuwafafanulia njiani.

Na wazo la kumwona Yesu katika Isaya hawakulizua wao. Usiku ule wa kukamatwa kwake, Yesu alilitaja andiko la Isaya juu yake mwenyewe: kwamba atahesabiwa pamoja na waasi. Yamo katika Luka 22.

Vipande 30 vya fedha vya Zekaria na vazi lililopigiwa kura katika Zaburi ya 22 utavisikia vikitajwa mara nyingi kuwa unabii juu ya Yesu. Mimi sipendi vinavyohesabiwa kama alama za mtihani. Zaburi ile ni sala ya mtu anayeteswa. Yesu alipolia, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” aliyachukua maneno ya kwanza ya sala hiyo. Isome yote hadi mwisho, uone anayelia anavyofika kumsifu Mungu katikati ya kusanyiko, na miisho yote ya dunia inavyomrejea Bwana.

Lakini moyo wa jambo uko Isaya 53. “Bali alijeruhiwa kwa makosa yetu, alichubuliwa kwa maovu yetu.” Tazama wanaosema hapo. Ni watu waliodhani kwamba Mungu anamwadhibu mtu yule kwa dhambi zake, kisha wakatambua kuwa mzigo ulikuwa wao. Yeye hafungui kinywa, kama mwana-kondoo apelekwaye machinjoni. Anauawa, anazikwa, kisha nabii anasema ataishi siku nyingi na kuona matunda ya taabu yake. Kila nikisoma hapo, mimi humwona Bwana wangu mbele ya Pilato, kimya.

Wayahudi wengi husoma tofauti, na usiwadharau kwa hilo. Rashi, mwalimu wao mkubwa wa karne ya 11 huko Ufaransa, alifundisha kuwa mtumishi huyo ni taifa la Israeli. Ana msingi: Isaya 49:3 humwita mtumishi Israeli. Ila sura hiyohiyo, mistari miwili mbele, mtumishi anatumwa kumrudisha Yakobo kwa Mungu, na 53:8 inasema alipigwa kwa sababu ya makosa ya watu wangu. Naona mmoja anayesimama kwa niaba ya wengi, Mwisraeli kwa ajili ya Israeli, na kwa ajili yetu sote.

Yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8 alipokuwa akisoma sura hiyo aliuliza swali lililo karibu na la rafiki yako: nabii anasema habari zake mwenyewe au za mtu mwingine? Filipo alipanda garini, akaketi naye, akaanza na andiko lilelile.

Keti na rafiki yako vivyo hivyo. Anzeni Isaya 52:13, msianzie 53:1, maana wimbo unaanzia pale, mtumishi akitangazwa kuwa atainuliwa kabla hajateswa. Kisha niandikie amesema nini.

Mama yako akupendaye